Mbia wangu amebadilisha kufuli: bila mkataba nina haki gani?

"Wakili, habari za kazi. Mwaka 2020 mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye tulifungua mashine ya kukoboa mpunga hapa Kahama. Yeye alitoa kiwanja chenye banda na shilingi milioni 4 taslimu. Mimi nilitoa milioni 18 zilizonunua mashine, mota na mizani, na baadaye nikaongeza milioni 2 za kuvuta umeme wa njia tatu, ambazo tulikubaliana nitarudishiwa. Hatukuandikiana. Jina la biashara BRELA, TIN, leseni na Lipa Namba vyote viko kwa jina lake, kwa sababu mimi nilikuwa kazini Mwanza. Kila mwisho wa msimu tulikaa, tukapiga hesabu, tukagawana nusu kwa nusu. Tangu 2024 hajanipa hata shilingi. Anasema biashara ni mbaya, lakini nasikia ananunua mpunga wake mwenyewe, anaukoboa hapo bure na kuuza mchele kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Mwezi uliopita nilikwenda nikakuta kufuli mpya, na mdogo wake ndiye msimamizi. Akaniambia nimsubiri kaka yake. Wapo wanaoniambia niende polisi akamatwe kwa wizi, wengine wananiambia nikodi lori nikang'oe mashine usiku, maana risiti ina jina langu. Mimi nadai asilimia 80 ya faida yote tangu mwanzo, kwa kuwa mtaji wangu ndio mkubwa. Huyu ni baba wa ubatizo wa mwanangu wa pili, kwa hiyo hata nyumbani hakuna amani. Je, bila mkataba nina haki gani, na nianzie wapi?"

Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokupata. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana ndani yake mna mambo manne yaliyofungwa fundo moja: faida usiyoipata, mashine usiyoifikia, kiwanja kisicho chako, na urafiki unaovunjika huku unauona. Nitayafungua moja moja. Nitakuambia pia mahali ninapoona unakosea, kwa sababu ukiingia katika shauri hili na dai lisilosimama, hata lile linalosimama litatiliwa shaka.

Tuanze na hofu yako kubwa, kwamba bila maandishi hakuna ubia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ndiyo inayosimamia ubia Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria zao na mahakama zao), nayo haidai hivyo. Ubia ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara kwa pamoja wakilenga kupata faida, na uhusiano huo huonekana kwa matendo. Mlichanga mtaji, mkaendesha kazi moja, mkakaa kila mwisho wa msimu mkagawana mlichopata. Kupokea sehemu ya faida ni moja ya dalili nzito za ubia. Kwa hiyo wewe si mtu wa nje anayebisha hodi. Wewe ni mwenye nyumba aliyefungiwa mlango.

Lakini jiandae kwa utetezi wake. Mtu aliyefikia hatua ya kubadilisha kufuli huwa ameshapata ushauri mahali. Huenda atasema zile milioni 18 zilikuwa mkopo, au kwamba ulimkodisha mashine naye akawa anakulipa pango kila msimu. Hapo ndipo kukosa maandishi kunapouma: haki yako ipo, ila mzigo wa kuithibitisha unaubeba wewe.

Kuhusu BRELA, watu wengi wanakosea kama wewe. Cheti cha jina la biashara kinaeleza ni nani aliyesajili jina hilo. Hakimfanyi kuwa mmiliki wa mashine, mizani wala fedha zilizomo kwenye biashara. Mlipaswa kuandikishwa wote wawili, na kutofanya hivyo kumempa silaha ya maneno, lakini ni silaha butu. TIN na leseni ni hivyo hivyo. Lipa Namba ni hatari zaidi, kwa sababu ndiko fedha zinakoingia. Usitegemee kwamba BRELA watawaamua. Wao ni wasajili, na mkigombana juu ya nani alichanga nini, watawaelekeza mahakamani.

Sasa ushahidi, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu unao mwingi kuliko unavyofikiri. Ujumbe wa simu wa kutuma na kupokea fedha, hati ya benki ya ule muamala wa milioni 18, risiti ya mashine, mazungumzo yenu ya WhatsApp ya mwisho wa kila msimu, picha za daftari alizokutumia: vyote hivyo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki mahakamani, mradi uonyeshe kwamba ni halisi na haujachezewa. Kwa hiyo usibadilishe simu, usifute chochote, usikate vipande vya mazungumzo ukabaki na vile vinavyokupendeza tu. Omba taarifa ya miamala yako kutoka benki na kampuni ya simu ingali inapatikana. Na kama yupo fundi aliyefunga mashine, au mzee aliyekuwapo siku mlipoanza, andika majina yao na wanachokumbuka.

Kuna ushahidi mwingine ambao watu wa mashine huusahau: umeme. Mashine haikoboi kwa maneno, inakoboa kwa uniti. Kwa miaka mliyogawana vizuri mnazo hesabu za kilo zilizokobolewa, na manunuzi ya LUKU ya miezi hiyo hiyo yana kumbukumbu. Gawanya, utapata uniti zilizotumika kwa kila tani. Kisha chukua manunuzi ya umeme ya 2024 na kuendelea. Akisema biashara imelala ilhali uniti zimepanda, atalazimika kueleza umeme umekwenda wapi. Mhasibu mzuri ataweka na wanunuzi wa pumba hapo. Katika kila kilo 100 za mpunga, mchele huwa takriban kilo 60 hadi 65, na kinachobaki ni pumba na maganda yanayouzwa kwa wafugaji na wachoma matofali. Pumba zikitoka kwa wingi, mpunga umeingia kwa wingi. Makadirio ya aina hii hayamalizi kesi yakiwa peke yake, lakini yanamfanya mwenzako aone kwamba kuficha daftari hakumfichi yeye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo ndilo kiini cha ushauri wangu kwako. Unaipigania mashine, wakati haki yako iliyo imara kuliko zote ni haki ya kuona hesabu. Kila mbia ana haki ya kuviona vitabu vya biashara na kuelezwa ukweli wa mapato na matumizi, awe anafanya kazi pale kila siku au yuko Mwanza. Mbia mwenye funguo za sanduku ndiye anayetakiwa kueleza kilichomo. Ukidai hesabu kwanza, yeye ndiye atakayekuwa na kazi ya kujibu. Ukianza kwa kudai mashine, wewe ndiye utakayeulizwa maswali.

Nije kwenye zile asilimia 80. Hili halitakufurahisha. Pasipo makubaliano mengine, wabia hugawana faida sawa na hubeba hasara sawa, hata kama mitaji yao haikulingana. Nyinyi mna zaidi ya kimya cha sheria, mna mazoea: misimu yote mliyokaa mezani mligawana nusu kwa nusu, nawe ukapokea bila kupinga. Hakimu atasema hayo ndiyo makubaliano yenu, na kurudi nyuma hadi 2020 kudai tofauti kutakuvunjia heshima mbele yake. Liache dai hilo. Ukubwa wa mtaji wako una mahali pake, nitakuonyesha mbele kidogo, lakini si kwenye mgao wa faida.

Kanuni hiyo hiyo inambana naye. Akisema amejilipa mshahara kwa sababu ndiye aliyekuwa akivuta vumbi kila siku, jibu la sheria ni kwamba mbia hana haki ya mshahara kwa kazi ya ubia bila makubaliano. Ujira wa mdogo wake unaweza kuwa matumizi halali ikiwa kweli anafanya kazi na kiwango ni cha kawaida. Lakini nakuomba uwe mwadilifu kidogo hapa. Wewe ulikuwa kwenye ajira yako, mwenzako alikuwa bandani. Mkikaa mezani, kukubali kwamba kazi yake ina thamani fulani kunaweza kufungua mlango ambao sheria peke yake haiufungui.

Jambo linalonisumbua zaidi katika barua yako umeligusa kwa sentensi moja tu: mpunga anaonunua kwa jina lake na kukoboa bure kwenye mashine yenu. Hili ni kubwa. Wabia wanadaiana uaminifu wa hali ya juu, na mbia anayejipatia faida binafsi kwa kutumia mali, jina au wateja wa ubia bila ridhaa ya mwenzake anatakiwa kuieleza na kuirudisha katika mfuko wa pamoja. Dai lako hapo halikomei kwenye gharama ya kukoboa aliyokwepa kulipa. Linaweza kugusa hata faida ya mchele wenyewe, kwa kadiri ilivyotokana na mashine na wateja wenu. Tatizo ni kwamba mpaka sasa unachosema ni "nasikia". Tafuta anayejua: dereva aliyebeba mzigo, kuli aliyeshona magunia, mnunuzi aliyelipa. Usimtuhumu mtu kwa barua kwa jambo ambalo huna hata shahidi mmoja wa kulisimamia.

Sasa wale washauri wako wawili. Wa polisi kwanza. Madai ya mgao wa faida kati ya watu waliofanya biashara pamoja ni shauri la madai, na mara nyingi askari mwenye uzoefu atakuambia hivyo hivyo kaunta. Yapo mambo ya jinai yanayoweza kutokea kati ya wabia. Akighushi saini yako kwenye hati ya mkopo au ya kuuza mashine, nenda polisi siku hiyo hiyo. Lakini kumkamatisha mtu ili alipe deni ni kuchezea moto. Atatoka kwa dhamana akiwa na hasira, mapatano yatakuwa yamekufa, na jalada likifungwa kwa kukosa ushahidi anaweza kukudai fidia kwa kumshtaki kwa nia mbaya.

Na huyu wa lori, tafadhali usimsikilize. Risiti ina jina lako, ndiyo, lakini mashine uliyoitoa kama mtaji imekuwa mali ya ubia, yaani yenu wawili. Imefungwa kwa nati kwenye sakafu ya banda lililo kwenye kiwanja chake. Ukiingia usiku ukaing'oa, kesho yake wewe ndiye utakayekuwa ukijieleza polisi kwa kuvunja na kuingia, na yule mdogo wake atakuwa shahidi wa macho. Katika kazi yangu nimewaona watu waliokuwa na haki kamili wakiipoteza nusu yake kwa usiku mmoja wa hasira. Sheria haimpi mtu tuzo kwa kujitwalia.

Kiwanja nacho kina swali lake: je, alikitoa kiwe mali ya ubia, au aliruhusu tu kitumike huku kikibaki chake? Kwa maelezo yako, hamkuwahi kukithaminisha wala kubadilisha hati, na hilo linaelekea zaidi kwenye ruhusa ya kutumia. Ushauri wangu ni usikigombee. Dai la umiliki wa ardhi lina njia yake: Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Utajikuta una mashauri mawili katika milango miwili, kwa ajili ya kitu ambacho huenda si chako. Kama banda lilipanuliwa au sakafu ikamwagwa kwa fedha za biashara, dai thamani ya maboresho hayo ndani ya hesabu za ubia, inatosha.

Uanzie wapi basi? Andika barua. Iwe fupi na ya heshima, isiyo na tusi wala tishio la jela. Taja kwamba mlianzisha biashara pamoja, kila mtu alitoa nini, mligawana vipi na mpaka lini. Omba mambo matatu: nakala au fursa ya kukagua daftari na taarifa za Lipa Namba tangu Januari 2024, kuruhusiwa kuingia eneo la kazi, na siku ya kukutana. Mpe siku 14. Ipeleke kwa njia itakayoacha alama: kwa mkono akisaini nakala yako, au mbele ya shahidi akikataa kusaini, na nakala nyingine kwa WhatsApp. Mkianza kubadilishana mapendekezo ya kumaliza, ya kwako yaandike juu "bila kuathiri haki zangu", ili ulichokuwa tayari kusamehe mezani kisije kikasomwa mahakamani kama ndicho unachostahili.

Kwa mkutano wenyewe, tafuta mtu mnayemheshimu wote wawili, na ikiwezekana awe anaijua biashara ya nafaka. Mnaweza kuanza na mzee wa familia au kiongozi wa dini, ila nina sharti moja: awepo na mhasibu. Nimeona vikao vingi vya wazee vikiisha kwa kukumbatiana na kusameheana, kisha msimu ukafika na ugomvi ukarudi vile vile, kwa sababu hakuna aliyejua nani anamdai nani kiasi gani. Mhasibu apige hesabu kwanza, apewe hata wiki mbili tatu, halafu mzee aseme neno lake juu ya namba zilizopo. Gharama yake ichangwe nusu kwa nusu.

Mtaona njia tatu mezani. Ya kwanza ni kuendelea pamoja kwa masharti mapya: Lipa Namba na akaunti ya benki ya biashara yenye saini mbili, majina yote mawili BRELA, daftari linalotumwa kila wiki. Kusema kweli, kwa hali mliyofikia sioni sana ikifanya kazi, labda hesabu zikionyesha kwamba kweli biashara ilianguka na ulimdhania vibaya. Hilo linawezekana pia, usilifute kabla hujaona namba. Njia ya pili ni mmoja kumnunua mwenzake. Njia ya tatu ni kuuvunja ubia, kuuza mali na kugawana kinachobaki. Ubia usio na muda maalumu kama wenu, mbia anaweza kuuvunja kwa kutoa taarifa, lakini usitoe taarifa hiyo kwa hasira. Mashine iliyofungwa na inayofanya kazi ina wateja, umeme na jina. Ikishang'olewa inauzwa kwa bei ya mtumba.

Kwa sababu hiyo mimi ningekushauri ulenge njia ya pili, na kwa kuwa kiwanja ni chake, mnunuzi wa kawaida ni yeye. Akulipe kwa awamu, na malipo yaendane na msimu wa mavuno, wakati fedha ipo kweli.

Ili ujue bei ya haki, lazima uelewe mpangilio wa malipo ubia unapofungwa, na hapa ndipo mtaji wako mkubwa unapopata heshima yake. Kwanza hulipwa wadai wa nje. Pili hulipwa mikopo ambayo wabia waliukopesha ubia, kama zile milioni 2 zako za umeme. Tatu kila mtu hurudishiwa mtaji wake kwa kadiri ulivyothibitishwa. Kinachozidi ndicho faida, nacho hugawanywa kwa uwiano wenu wa kawaida. Tuchukue mfano wa kubuni: mali yote ina thamani ya milioni 34 na deni la nje ni milioni 6. Ondoa 6, ondoa 2 zako, zinabaki 26. Mtaji ni 18 wako na 4 wake, jumla 22. Zinazidi 4, kila mmoja 2. Wewe unatoka na milioni 22, yeye 6. Lakini tuseme mali ina thamani ya milioni 20 tu. Baada ya deni na mkopo wako zinabaki 12 za kulipa mtaji wa 22, yaani hasara ya 10, kila mmoja 5. Wewe mtaji wako unashuka hadi 13. Yeye aliweka 4 na hasara yake ni 5, kwa hiyo anatakiwa kuongeza milioni 1 ya kwake. Juu ya hayo utaongeza mgao wako wa misimu ambayo hukulipwa, hesabu zikishaonekana. Katika mifano yote miwili hakuna asilimia 80, ila pia hakuna mahali unapotoka mikono mitupu.

Tahadhari moja ambayo wengi hawapendi kuisikia: hesabu zikifunguliwa, zinafunguliwa zote. Kodi ya mapato ya ubia hutozwa kwa wabia wenyewe, kila mmoja kwa sehemu yake. Kama kuna mapato ambayo hayakutangazwa TRA, ongea na mshauri wa kodi kabla hujayaandika kwenye hati ya madai.

Msipoelewana, kuna usuluhishi wa kulipia, ambapo mnamteua mtu awaamue na uamuzi wake unakazwa kama hukumu, chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Unahitaji makubaliano ya maandishi ya wote wawili, na gharama zake kwa biashara ya ukubwa wenu naona zinaweza kumeza mashine. Kinachobaki ni mahakama. Ni ipi, inategemea kiasi unachodai, na ukikosea mlango shauri linatupwa nje nawe unaanza upya, hapo usibahatishe. Mahakama inaweza kutoa amri ya awali inayotaja sehemu ya kila mbia na kuagiza hesabu zipigwe, ndipo itoe hukumu ya mwisho. Katika mashauri ya madai yanayofunguliwa mahakama ya wilaya na kwenda juu kuna hatua ya upatanishi kabla ya kusikilizwa, kwa hiyo kufungua shauri si lazima kuwe kuua mazungumzo. Na tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo utafuatilia kila neno linalosemwa juu ya mali yako. Lakini shauri lenye rufaa linaweza kula miaka, na mashine haingoji. Itachakaa mikononi mwake.

Upo wakati ambao hupaswi kusubiri barua wala kikao. Ukisikia anatafuta mteja wa mashine, au anataka kukopa benki kwa kuweka rehani kiwanja hicho na vilivyomo, mwone wakili siku hiyo hiyo ili aombe zuio la muda. Mahakama hupima maombi hayo kwa vigezo vitatu vinavyojulikana tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kuna jambo zito la kuamuliwa lenye dalili ya kufaulu, utapata madhara yasiyofidika kama hakuna zuio, na madhara yako yatazidi yale yatakayompata mwenzako. Ukipelekewa wito wa mahakama kwa sababu yeye ametangulia kushtaki, kumbuka una siku 21 za kuwasilisha utetezi wako wa maandishi. Mmoja wenu akifariki, ubia unavunjika na mambo yanahamia kwa msimamizi wa mirathi, jambo litakalochosha familia zote mbili. Kuhusu ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, madai ya mkataba kwa kawaida yana miaka 6, lakini usiitumie kama mto wa kulalia, kwa sababu ni lini saa ilianza kuhesabu ni swali la wakili aliyeziona karatasi zako. Kama ada inakushinda, ulizia ofisi ya halmashauri yako kuhusu wasaidizi wa kisheria walioandikishwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Barua ya madai na kupanga ushahidi wanaweza kukusaidia vizuri.

Umesema huyu ni baba wa ubatizo wa mwanao. Sitakushauri uache haki yako kwa sababu ya hilo, wala sitakushauri umtumie mtoto kama hoja. Mwambie mwenzako waziwazi, mbele ya yule mtakayemteua, kwamba unadai hesabu za mashine na hudai kitu kingine. Nyumbani nako, mke wako aelezwe unachofanya na kwa nini, asije akasikia sokoni toleo la wengine.

Mkifikia makubaliano, yaandikwe: nani anabaki na nini, kiasi gani, tarehe zipi, na nini kitatokea awamu moja ikipita bila kulipwa. Yashuhudiwe na wakili, na ulipe ushuru wa stempu, kwa kuwa hati inayotakiwa kuwa na stempu na haina inaweza kukataliwa mahakamani mpaka ushuru na faini vilipwe. Halafu waandikie waliokuwa wakiwakopesha vipuri, mafuta na magunia kwamba kuanzia tarehe fulani wewe si mbia tena, ubaki na nakala zilizosainiwa. Wasipojua kwamba umetoka, deni atakalokopa mwenzako msimu ujao wanaweza kulileta mlangoni kwako, na kwa madeni ya zamani bado mtadaiwa wote wawili mpaka mdai akubali kwa maandishi kubaki na mmoja.